Bei ya Goti la Maingi

Maingi hakuwahi kununua kitu bila kuuliza swali moja: "Na mbona unauza?" Aliliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, kisha akanyamaza na kumwangalia muuzaji mdomoni. Mtu akisema anahama, Maingi alijua ana haraka. Akisema ana mgonjwa hospitalini, bei ilikuwa imeshuka nusu kabla hawajaanza kuvutana. Kwa swali hilo alitoka kwenye kutembeza sindano na bobini kwa miguu kule Kariobangi, akapata nyumba ya vyumba viwili Umoja na pikipiki ya kumfikisha kwa mafundi cherehani wote, kuanzia Huruma mpaka soko la Tala.

Pikipiki yenyewe ilikuwa jitu. Injini ya mia sita hamsini, ya mnada, usukani mpana kama pembe za fahali, na mlio ambao watoto wa Umoja waliutambua yeye angali barabara ya Outer Ring. Haikuwa na kidude cha kubonyeza. Uliipiga kiki kwa mguu wa kulia, na ukikosea ilikurudishia teke lako.

Mvua za Aprili mwaka wa themanini na tano ziliiangusha kwenye tope mbele ya Njiru, juu ya huo mguu wa kulia. Alilala chini yake, petroli ikimdondokea kwenye suruali, mpaka wavunja mawe wa timbo walipokuja kuiinua. Mfupa uliunga. Goti ndilo lililokataa. Kila asubuhi sasa alipiga kiki mara sita, mara saba, shati likalowa kabla ya kazi kuanza. Na akisimama, pikipiki ikiegemea kulia, mguu ulilegea. Mara mbili ilimwangukia sokoni Tala mbele ya mafundi, bobini zikabingirika mpaka mtaroni.

"Baba Mwende, uza hiyo kitu kabla haijakuua," mkewe Koki alimwambia.

"Nani amekuambia siuzi?"

Alikuwa ameshachagua nyingine. Ilikuwa ya karani mmoja wa Jericho, Mulama: mia mbili tu, kiti cha chini unachokalia kama uko sebuleni, usukani unaokuja wenyewe kuipokea mikono, na inawaka kwa kidole gumba. Maingi alifika kwa Mulama saa moja asubuhi bila kutarajiwa, ili aikute injini baridi. Akaiwekea kiganja: baridi. Akabonyeza: ikawaka. Akaishusha kwenye stendi, akaiegemeza upande wa kulia, mguu ukaibeba. Ilikuwa nyepesi kama ndama, na aliona aibu kwamba ilimpendeza.

Walivutana saa mbili nzima, wakakutana kwenye elfu tisa na mia tatu.

"Lakini Jumamosi saa sita," Mulama akasema. "Kuna mtu wa Buruburu. Saa sita na dakika moja, nampigia simu."

Hesabu ya Maingi ilikuwa rahisi. Ile kubwa ingempa elfu kumi na moja, asipungukiwe hata senti. Angelipa, na baki lingenunua uzi na zipu za miezi miwili. Na bila pikipiki ya kidole, goti hilo lingemrudisha kutembeza bobini kwa miguu, tena kwa kuchechemea. Kwa hivyo alimwekea Koki sharti moja.

"Habari ya goti isitoke hapa. Mtu akikuuliza, nauza kwa sababu ya petroli."

"Sawa," Koki akasema.

Jumamosi hiyo alikuja Wasike, msimamizi wa zamu kwenye kiwanda fulani Industrial Area, mkazi wa Huruma, kijana wa mabega. Maingi alikuwa ameiwasha ile kubwa mapema, akaiacha ingurume robo saa, ili kiki moja itoshe mbele ya mgeni. Ni ujanja aliokuwa akiwacheka wengine kwa kuufanya.

Wasike hakuangalia tairi wala taa. Aliweka kiganja kwenye injini.

"Imetoka wapi asubuhi hii?"

"Nilienda dukani."

"Duka si ni hilo, mzee? Naliona kutoka hapa." Akacheka, akavuta kigoda, akaketi. "Tungoje ipoe."

Koki alileta chai na mandazi. Wasike alikula polepole kama mtu aliyealikwa arusi. Alisifu chai. Alisifu usafi wa ua. Saa nzima ikaisha. Ndipo akafuta vidole kwenye suruali na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua:

"Na mbona unauza?"

"Petroli, bwana. Hii inakunywa kama ng'ombe."

"Hiyo ni kweli." Wasike akapiga funda. "Lakini pole na goti."

"Goti gani?"

"Si mama yangu, Nakhumicha, wako ushirika mmoja wa maombi na Mama Mwende? Alhamisi walikuwa kwangu. Mama Mwende alisimama kabisa, akatoa ombi. Akasema kila asubuhi hiyo kiki ni Mungu tu. Walikuombea, mzee. Mimi mwenyewe nilisema amina nikiwa huko jikoni."

Koki alikuwa amesimama mlangoni na birika. Maingi hakumtazama.

"Imepoa sasa," Wasike akasema. "Hebu piga."

Maingi akapiga. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kikohozi. Ya tatu ilimrudishia teke, na alijikuta ameketi kwenye kizingiti, goti limeshikwa kwa mikono miwili. Wasike alipanda, akapiga mara moja, na ua wote ukanguruma. Akaizima.

"Elfu nane na mia tano."

"Wewe! Elfu kumi na moja, na hapo nimekufanya ndugu."

"Mzee, saa hizi ni saa tano na robo. Huko Jericho si ni saa sita?" Wasike alisema hivyo kwa upole. "Hiyo pia iliombewa."

Maingi alikuwa amewafanyia watu hivyo miaka ishirini. Akanyoosha mkono, pesa zikahesabiwa, na ile kubwa ikatoka langoni ikiwa na mtu mwingine. Watoto wakakimbia nyuma yake wakishangilia, hawakujali nani amepanda.

Zilipungua mia nane. Koki aliingia ndani, akatoka na kopo la pesa zake za kusuka viondo.

"Ziko mia nane na hamsini. Chukua."

Maingi alihesabu mia nane, akamrudishia hamsini. "Umenitoa elfu mbili na mia tano. Sijawahi kusikia sala ya bei hiyo."

"Ulikuwa unalia usingizini na hilo goti. Ulisema nisiwaambie watu. Sikuwaambia watu. Nilimwambia Mungu."

"Mbele ya Nakhumicha."

Koki akafunika kopo.

Maingi alifika Jericho kwa matatu zikiwa zimebaki dakika tano, akalipa bila kupunguza hata shilingi. Mulama alishangaa, kwa maana alikuwa amejiandaa kwa mapambano. Njia yote ya kurudi mguu haukumuuma hata kidogo. Hakuna mtoto aliyegeuka.

Alhamisi iliyofuata Koki alitoka amejifunga kitambaa, Biblia mkononi. Ushirika ulikuwa Huruma, na Alhamisi ndiyo siku ya Maingi ya mafundi wa Huruma. Miaka yote walienda pamoja. Koki akaweka mkono kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki. Palikuwa na katoni ya uzi, imefungwa kwa mpira.

"Kiti kimejaa," Maingi akasema.

Katoni ilikuwa ndogo. Ingeingia kwenye mkoba wa pembeni, na wote wawili waliuona mkoba ukiwa wazi. Koki akaondoa mkono, akashika njia kwa miguu. Maingi alimpita pale Mutindwa. Mlio ulikuwa mdogo, Koki hakumsikia mpaka alipokuwa mbele yake.

Ikawa hivyo kila Alhamisi. Mwezi wa pili tangu auze, Maingi akakutana na Wasike huko Huruma, juu ya ile kubwa, mbele ya fundi mmoja.

"Goti je, mzee?"

"Haliniumi."

"Asante Mungu. Huyu Mama Mwende naye siku hizi amenyamaza. Wakimuuliza ana ombi gani, anasema hana."

"Vizuri," Maingi akasema, akamgeukia fundi na kumtajia bei ya zipu.