Chini ya Kifuniko cha Bluu

Dada yangu ni mpishi wa hospitali. Kama umewahi kulazwa pale ukasikia mwanamke akimfokea mtu kwa sababu ya sufuria isiyosuguliwa vizuri, basi umeshamfahamu. Wenzake walimpa jina la utani, Mama Sufuria, na yeye akalipokea kama cheo. Nasema haya mapema ili usidhani nakusimulia habari za mtu mzembe. Wazembe nawajua, na dada yangu hayumo.

Zamani jiko lile lilikuwa jiko kweli. Nyuma ya ukuta wa hospitali palikuwa na bustani kando ya mtaro, na akina mama waliolima pale walipitisha mboga kwenye geti dogo asubuhi, majani yakiwa bado mabichi na yenye umande. Dada alipika maharage, mboga, na uji wa unga usiokobolewa. Wagonjwa wa sukari walikuwa na chakula chao. Ili kisichanganywe na cha wengine, sahani zao zilifunikwa kwa vifuniko vya bluu, na za wengine wote kwa vyeupe. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Kisha watu wakaanza kuharisha, mtaa mzima. Wataalamu walikuja, wakachota maji ya mtaro, wakasema ni machafu. Haya, ni machafu. Mtu mwenye akili timamu angeuliza yamechafuliwa na nani, maana huko juu kuna kiwanda cha vinywaji kinachomwaga uchafu wake humo mchana kweupe. Lakini wakubwa hawakwenda juu. Walishuka chini kwa akina mama wa mboga, wakang'oa bustani zote. Halafu ukaja waraka: kuanzia sasa, kwa usalama wa wagonjwa, hospitali itapokea tu chakula kilichofungwa kiwandani, na hata ndugu wasilete chakula cha nyumbani. Zabuni ikatangazwa. Usiniulize ilichukuliwa na kiwanda gani.

Jiko likageuka stoo. Mkate mweupe, biskuti, na juisi ya boksi tamu mpaka inakwaruza koo. Kazi ya wapishi ikawa kupasua nailoni na kupanga vitu kwenye sahani. Taka zake zilitupwa mtaroni, kwa sababu gari la taka huja likijisikia. Mvua ikinyesha mtaro unaziba, maji yanarudi uani, mbu wanazaliana, watoto wa mtaa wanaletwa wodini na homa, na wakifika wanapewa juisi. Nikilifikiria jambo hili kichwa kinaniuma. Kuna watu wanalipwa mshahara kwa kulipanga.

Siku waraka uliposomwa, dada alimuuliza katibu wa hospitali, "Na wa sukari je?"

"Hao watashughulikiwa wodini," katibu alijibu. "Nyinyi endeleeni kuwatenga tu kama zamani, ili kule wajue."

Basi jikoni wakaendelea kufunika kwa bluu. Chini ya bluu na chini ya nyeupe kilikuwa chakula kilekile. Dada aliamini kwamba kikifika wodini, manesi wanaona rangi, wanaondoa mkate na juisi, wanampa mgonjwa kitu kingine.

Sasa, shemeji yangu, mume wa dada, ni seremala, mtu mpole kupita kiasi, na ana sukari ya miaka. Alikanyaga msumari huko karakana asisikie kitu, ndivyo ugonjwa huo ulivyo, akaendelea kupiga randa mpaka kidonda kikaanza kunuka ndani ya kiatu. Tulipomfikisha hospitali, daktari hakuzungusha maneno.

"Sukari ikishuka, kidonda kitapona," alisema. "Isiposhuka, tutaukata mguu chini ya goti."

Dada alipiga moyo konde. Kila siku alifunika sahani ya mumewe kwa mkono wake mwenyewe, akachagua kifuniko kisicho na ufa. Kumwona akila hakuweza, kwa kuwa saa za chakula ndizo saa za kazi yake. Alipopata nafasi ya kupanda wodini, sahani zilikuwa zimeshakusanywa. Mimi ndiye niliyeshinda pale, nje ya mlango, nikisubiri wageni waruhusiwe kuingia.

Na sukari haikushuka. Daktari aliongeza dawa, ikayumba kidogo, ikapanda tena. Nesi wa wodi akaanza kuniangalia vibaya.

"Mama, mnamletea nini huyu?"

"Ninaleta mdomo wangu tu," nikamjibu.

Hakucheka. Kuanzia siku hiyo mlinzi akawa ananipekua mkoba kana kwamba nimebeba bangi. Ningevumilia hilo. Lililoniuma ni kwamba dada mwenyewe aliamini namletea vitu.

"Sema ukweli," aliniambia barazani kwake. "Unamwonea huruma, unampa soda."

"Mimi? Mimi ninayemnyima hata pipi ya kikohozi?"

"Basi nani? Mimi chakula chake nakitoa kwa mkono wangu!"

Tulirushiana maneno ambayo sitayarudia hapa, na tukanuniana. Mwenzio akikutuhumu kwamba unamuua shemeji yako kwa soda, mnasalimianaje?

Mchana mmoja mlinzi alichoka kunipekua, akaniacha nipite kabla ya saa ya wageni. Nikamkuta shemeji ameegemea mto, kifuniko cha bluu kiko pembeni, anafyonza juisi kwa mrija.

"Nesi!" nilipiga kelele mpaka wagonjwa wakainua vichwa. "Hiki ni nini?"

Nesi alikuja haraka, amekasirika. "Si chakula chake? Kifuniko cha bluu huoni? Jikoni wameshaondoa vya sukari."

"Wameondoa nini? Hebu angalia hapo!"

Akaangalia. Sahani zinagawiwa na wahudumu, yeye hakuwa amewahi kufunua hata moja. Alichukua lile boksi, akasoma maandishi ya ubavuni, na sauti ikamshuka. "Sisi tuliambiwa wa sukari wanashughulikiwa jikoni," alisema.

Nilimgeukia shemeji. "Na wewe, mtu mzima na akili zako, unajua una sukari, unakunywa tu?"

"Shemeji, kimetoka kwa mama watoto," alinijibu taratibu. "Nilijua ameshakipima. Nikajisemea labda siku hizi kuna juisi za wagonjwa."

Ilinibidi nishuke jikoni kumwambia dada. Nilimwambia nikiwa nimesimama, na yeye akakaa juu ya katoni ya juisi, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kukalia. Hakulia. Aliniuliza tu, "Kila siku?" Nikasema, "Kila siku, dada."

Kisha akavua aproni, tukaenda kwa katibu. Katibu alitusikiliza vizuri, sitamsingizia. Alisema anaelewa uchungu wetu, ila mkataba umetoka wizarani, hospitali inapokea tu. Tukaenda ofisi ya afya. Huko wakasema waraka unaipa hospitali uhuru wa kupanga chakula cha wagonjwa maalumu. Tukarudi kwa katibu. Akasema uhuru upo, lakini stoo haina kitu kingine cha kuwapa. Tulipigwa danadana mpaka viatu vyangu vikaachama mbele. Mwishowe wakaunda kamati, na kamati ikaamua vifuniko vya bluu viandikwe SUKARI kwa rangi isiyofutika.

Wakati kamati inakaa, dada alifanya alichoweza. Aliondoa mkate na juisi kwenye kila sahani ya bluu, na kilichobaki kilikuwa biskuti mbili. Alichemsha maharage nyumbani, akayaficha chini ya kanga. Mlinzi akayakuta.

"Mama Sufuria, mimi nakuheshimu," alimwambia, "lakini unanitafutia kufukuzwa kazi. Chakula cha nje hakiingii."

"Wewe unakula nini mchana?"

"Maharage," mlinzi alisema, akiangalia pembeni.

Mguu ulikatwa. Daktari alisema tungewahi kushusha sukari huenda ungepona, na sijui kwa nini madaktari husema maneno kama hayo baada ya kukata. Nilitamani kumtupia kitu. Nilimwambia asante.

Shemeji alirudi nyumbani akiwa na magongo aliyoyachonga mwanafunzi wake wa karakana. Siku hiyo dada alikwenda soko la mbali, kwa kuwa karibu na sisi hakuna tena anayeuza mboga, duka zima ni boksi na nailoni. Alipika maharage na mboga, akaweka sahani mbele ya mumewe, akakaa kumwangalia. Mimi nilikuwa mkekani, pembeni yao. Tulishapatana, ingawa hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Shemeji alinawa, akaanza kula huku ananiuliza habari za mteja wake aliyeagiza kabati. Hakuitazama sahani.

"Angalia unachokula!" dada alimfokea, kwa ile sauti ya jikoni. "Angalia kwanza! Uliza nimeweka nini!"

Shemeji alimtazama kwa mshangao, tonge likiwa bado mkononi.

"Mama, si umepika wewe?" alisema. "Niulize nini?"

Akalitia mdomoni. Dada alisimama, akatoka nje, na mlango hakuufunga.