Leo nimemwaga maji ya mama mkwe

Jamani, leo nimemwaga pipa zima la maji la mama mkwe mtarajiwa. Na sikujua ni yeye!

Mnajua kazi yangu ni kukagua mbu nyumba kwa nyumba hapa Voi. Mvua ikinyesha halafu jua liwake, kama wiki hii, mbu wa dengue wanazaana vibaya.

Asubuhi nikaingia boma moja Kaloleni. Pipa limejaa viluwiluwi.

"Mama, haya lazima tuyamwage."

"Mfereji umekauka tangu Jumatatu, na wewe unataka kumwaga?"

Nikawamulika kwa tochi, akawaona wakicheza humo ndani. Akanuna, lakini akashika pipa upande wake, tukamwaga.

Hapo geti likafunguka. Mchumba wangu, Mwakio! Mimi kwao sijawahi kufika.

"Mama, kumbe ushakutana na Wakesho!"

Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akanitazama, akatazama tope miguuni pake.

"Ndiye huyu?"

Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu hata mimi haniogopi. Jumapili aje tule. Lakini maji ya kupikia aje nayo."

Sasa niambieni, nibebe mitungi mingapi?