Kiende na Mti wa Kailemia

Kinyaa cha Kiende kilianza na mate. Kila Jumanne asubuhi, siku ya mazoezi ya shabaha, wanaume watano wa kikosi walifika uwanjani mashavu yamevimba kwa miraa. Walitafuna, wakatema, wakacheka, halafu wakajilaza kifudifudi juu ya nyasi zile zile walizozitemea. Mate ya kijani yalikuwa kwenye magunia ya mchanga, kwenye makopo ya shabaha, na siku moja hata kwenye kitako cha bunduki ambayo yeye ndiye angeiweka shavuni baada yao. Siku hiyo aliosha kitako kwa sabuni mara mbili, na bado alipolenga aliweka leso kati yake na shavu.

"Na wewe kweli ni mtu wa Laare?" Mwenda, kijana mwenye mdomo kuliko wote, alimtania. "Mtu wa Laare anaogopa miraa?"

"Miraa siogopi. Naogopa mkono wako. Hebu shika bunduki tuone kama hiyo ni mkono ama ni kisiagi."

Wenzake walicheka, naye akacheka, kwa maana alijua ni kweli. Mtu aliyetafuna tangu alfajiri hasikii usingizi wala njaa, na ukimwamini yeye mwenyewe, hata woga hausikii. Lakini moyo unamdunda mpaka ncha ya mtutu inadunda nao. Kiende alikuwa na mtihani wake wa hilo. Aliweka sarafu ya shilingi kumi juu ya mtutu wa bunduki isiyo na risasi, akamwambia mtu avute triga bila kuiangusha. Sarafu ya Kiende ilikaa pale hata mara ishirini. Ya Mwenda ilianguka kabla kidole hakijagusa triga.

Kikosi chenyewe kilikuwa cha kudhibiti wanyama wasumbufu. Kuwinda Kenya ni marufuku, hilo hata mtoto wa chekechea anajua, lakini mbogo akishaua ng'ombe na kuvunja watu mbavu, barua inatoka juu, na lazima awepo mtu wa kwenda kumtafuta mnyama huyo kichakani na kumpiga. Mtu huyo, kwa sehemu ile ya chini ya vilima vya Nyambene, alikuwa mmoja wa hao watano, au Kiende.

Alizaliwa juu kidogo ya Laare, binti wa tatu wa mkulima wa miraa. Utotoni kazi yake ilikuwa kusimama nje ya ua wa shamba na birika la chai, akiwangojea kaka zake washuke mitini. Ndani hakuingia. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba mti wa mbaine, ile miraa ya zamani iliyopandwa na mababu, mwanamke akiukwea unakauka. Miti hiyo ilikuwa imeona ukame, nzige na vita, lakini ati ilikuwa inaogopa nyayo za msichana wa darasa la nne. Hata wakati ule jambo hilo lilimchefua. Lakini alikuwa mtoto, akamimina chai.

Baadaye aliuza dawa za mimea katika duka moja mjini Meru kwa miaka sita, mpaka alipoona tangazo la kuajiri maaskari wa wanyamapori. Siku ya kwanza ya bunduki, mkufunzi alimwekea kitambaa begani akidhani atalia. Kiende alikitoa. Bega likageuka rangi ya zambarau, akaomba risasi nyingine. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minane, na ndiye aliyewafundisha wenzake, ingawa kwenye karatasi mkufunzi alikuwa Sajini Riungu.

Riungu alipenda watu walale kifudifudi, bunduki juu ya gunia, kopo mbele hatua mia. Picha za kupeleka kwa wakubwa zilitoka nzuri. Kiende hakuweza kuvumilia upuuzi huo. Mbogo gani atakungoja utafute gunia? Na kwenye miteremko ya Nyambene ukilala unaona nini, kama si mashina ya mahindi na visigino vya mwenzako? Kwa hiyo aliwainua. Aliwafundisha kupiga goti, kiwiko kisikae juu ya kifupa cha goti bali mbele kidogo, kwenye nyama, kwa sababu mfupa juu ya mfupa unateleza. Aliwafundisha kuketi na kufungia viwiko ndani ya mapaja, na kusimama na fito tatu zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwisho aliwafundisha kuegemea mti, na hapo ndipo aliporudia maneno mpaka yakamchosha. Chuma kisiguse mti. Weka mkono au nguo katikati, la sivyo bunduki itaruka na risasi itaenda inakotaka yenyewe.

"Tumesikia, madam," walisema, na kutema.

Mwezi wa tatu barua ikaja. Ilihusu dume zee la mbogo, pembe moja imevunjika, aliyepanda kutoka bondeni na kuzoea kunywa kwenye mfereji wa Mzee Kailemia, mkulima wa miraa, kila kunapopambazuka. Alikuwa amekwisha kumvunja jirani mbavu. Chini tu ya mfereji huo ilipita njia ya kwenda mtoni, na kuanzia saa kumi na mbili na nusu njia hiyo ilijaa wanawake na watoto wa shule. Ilitakiwa risasi moja, mahali pake, kabla watu hawajaanza kupita. Mbogo akijeruhiwa tu, angeteremkia papo hapo penye watu.

Kiende alikwenda siku mbili kupima. Alilala, hakuona kitu. Alipiga goti, akaona majani ya mahindi. Alisimama na fito zake, akaona masikio ya ng'ombe aliyefungwa pale mfano wa mbogo, na mgongo kidogo. Kisha akauona mti wa Kailemia. Ulikuwa mbaine mnene, wenye panda ya matawi juu kidogo ya kichwa cha mtu, pana kama kiti. Ukikaa hapo, mfereji wote uko wazi hatua themanini mbele yako, na njia ya mtoni nayo unaiona. Alimwonyesha Riungu, na Riungu akakubali. Kiende ndiye atakayepiga.

Jioni Kailemia akaja na wazee wenzake wawili.

"Mwari wakwa, binti yangu," alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioudhi, "sifa yako nimeisikia. Lakini mti huo mwanamke hapandi."

"Mzee, sipandi kuvuna. Napanda kumpiga mbogo wa mfereji wako."

"Mbogo atakuja, ataenda. Mti ukikauka nitaambia watoto wangu nini?"

Kiende alimgeukia Riungu. Sajini alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kiende, tusilete maneno na wazee," alisema. "Hawa ndio tunaishi nao. Mwenda atapanda. Si wewe umemfundisha?"

"Nimemfundisha, afande. Lakini sarafu yake inaanguka. Wewe mwenyewe umeiona."

"Kesho hatatafuna. Nitamwambia."

Kiende alikuwa na mengi ya kusema. Angeweza kukataa, angeweza kumpigia mkubwa wa Riungu simu. Lakini wazee walikuwa wanamtazama, na kile alichojifunza akiwa na birika la chai nje ya ua kikamtoka mdomoni chenyewe.

"Sawa," alisema.

Kesho yake alfajiri Mwenda alikuja shavu limevimba.

"Ni kidogo tu, madam. Ya kutoa usingizi."

Riungu alijifanya hakuona. Mwenda akapanda na bunduki nzito, ile moja tu ya kikosi iliyofaa kwa mbogo, na Kiende akabaki chini ameshika mkoba wa risasi, hatua mbili kutoka kwenye shina, kama alivyoelekezwa.

"Nguo chini ya mtutu," alinong'ona.

Mwenda aliitikia kwa kichwa. Kisha Kiende akasikia mgongano mdogo wa chuma na mti. Akainua macho. Majani ya miraa yalikuwa yanatikisika, na upepo haukuwepo. Ni mwili wa Mwenda uliokuwa ukiyatikisa.

Mbogo alikuja kabla ya jua, akainamisha kichwa mferejini. Bunduki ikalia. Kiende hakuhitaji kuona; sauti ya risasi ilipofika ilikuwa ya kitu kizito kilicholowa, kama kupiga gunia la maharagwe yaliyonyeshewa. Tumboni. Mbogo akakoroma, akaruka mfereji na kuteremkia njia ya mtoni.

Riungu alikuwa amemwambia Kailemia azuie watu njiani. Kailemia alikuwa amewaambia wanaume wote wa boma. Kinya, mke wa mwanawe, aliyetoka na mtungi wake kabla ya mwanga kama kila siku, hakuambiwa na mtu. Walisikia mtungi wa plastiki ukigonga mawe, kisha wakamsikia yeye.

Mwenda aliteleza kutoka mtini akiacha ngozi ya mikono yake kwenye gome, na bunduki akaiacha ikining'inia pandani kwa mkanda wake. Wazee, waliokuwa wamekuja kutazama, walikwisha kukimbilia ghala la mahindi. Kiende alipanda. Hakukumbuka baadaye aliweka mguu wapi. Alikumbuka sauti ya Kailemia ikitoka mlangoni mwa ghala:

"Mwari! Shuka! Shuka huo mti!"

Mkwe wake alikuwa analia bondeni, na mzee analilia mti.

Kiende alivua sweta, akaikunja, akaiweka pandani. Aliweka bunduki juu yake, akaingiza risasi, akafunga miguu kuzunguka tawi na kukaza kiwiko kwenye nyama ya paja. Mbogo alikuwa amesimama juu ya Kinya, kichwa chini, akimsukuma kwenye matope kwa ile pembe nzima. Kiende alitoa nusu ya pumzi. Akatafuta mahali nyuma ya bega, chini kidogo, akavuta triga polepole kana kwamba sarafu iko pale juu ya mtutu. Mbogo akapiga magoti, kisha akalala ubavu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomfanya Kiende atapike kwa kweli, nyuma ya ghala, mkono ukutani. Haikuwa harufu ya tumbo lililopasuka, ingawa ilijaa bonde lote na uchafu wake ukaingia kwenye maji ya mfereji. Ilikuwa ni watu. Walitokea na mapanga na karai kabla moshi haujaisha puani. Riungu alipiga kelele kwamba nyama hiyo ni marufuku; hakuna aliyegeuka. Kinya bado yuko matopeni, na tayari watu wawili wanagombania paja la mbogo.

Kiende na Mwenda walimbeba Kinya mpaka barabarani. Pikapu ya miraa ilikuwa inapakiwa. Dereva akasema wamalizie kupakia kwanza, mzigo utachelewa Nairobi. Kiende alipanda nyuma akatupa vitita vyote chini barabarani, kimoja kimoja, mpaka pakapatikana mahali pa mtu kulala.

"Madam, mimi niliona ni kama..." Mwenda alianza walipokaribia hospitali ya Maua.

"Nyamaza, Mwenda."

Macho ya Mwenda yalikuwa mekundu, na bado shavuni alikuwa na kile kitu. Aliona Kiende anakitazama, akakitema nje ya pikapu, na mate yakarudi na upepo.

Kinya alivunjika nyonga na paja. Jumamosi ya wiki ile wazee walichinja mbuzi chini ya mti, wakamwaga damu kwenye mizizi ili usikauke. Jioni Riungu alifika kambini na kipande cha nyama kwenye jani la mgomba.

"Hii ni yako," alisema, akionekana mwenye furaha. "Nimeongea nao. Wazee wamekusamehe."

"Wamenisamehe nini?"

"Ule mti, si uliupanda. Wewe chukua tu, yaishe."

Kiende alipokea jani, akaenda nalo mpaka jikoni, akalifungua mbele ya mbwa wa kambi. Mbwa alikula. Riungu alisema huo ni utovu wa adabu, akaondoka bila kunywa chai.

Jumapili badala ya kwenda kanisani alipika uji wa wimbi, akaujaza kwenye flaski na kupanda gari kwenda Maua. Kinya alikuwa amelala karibu na dirisha, mguu umevutwa juu kwa kamba. Mama mkwe alikuja mara moja, Kinya alisema. Mzee Kailemia bado, alikuwa na shughuli ya mti.

Kiende alimmiminia uji na kumshikia kikombe mpaka mkono wake ukaweza kukishika.

"Wanasema ni wewe ulimmaliza," Kinya alisema. "Risasi moja tu."

"Ni mimi."

"Na ile ya kwanza?"

"Ya Mwenda."

Kinya alipuliza uji, akanywa kidogo, akafikiri.

"Sasa dada, hiyo ya kwanza ikipigwa, wewe ulikuwa wapi?"

Kiende aliangalia flaski. Hapo hapakuwa na Riungu wa kulaumu, wala Kailemia, wala mate ya mtu.

"Nilikuwa chini ya mti," alisema. "Niliambiwa nisipande, nikasema sawa."

Kinya akamrudishia kikombe, uji ukiwa bado nusu.