Kiti cha Kushoto na Mlio wa Asubuhi

Mwaka ule utingo wa lori la kijiji alioa Namanyere akahamia huko kwa wakwe zake, na kiti cha kushoto kikabaki wazi. Dereva wetu, ambaye kila mtu alimwita Mzee, alisema hatachukua mtu kwa pupa. Angetutazama kwanza vijana wawili, mimi na mgeni, halafu amchague mmoja wa kusafiri naye mpaka bandarini Kasanga, ziwani, na kumfundisha usukani. Nilikitaka kiti kile kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na jembe nilikuwa nalijua vya kutosha.

Mgeni alitoka Mbeya. Dada yake alikuwa mwalimu wa shule yetu, naye alikuja kukaa kwake. Alikuwa amefanya kazi kwenye gereji ya mjomba wake, na alikuwa na ovaroli ya bluu yenye mifuko mpaka kwenye mapaja. Kuongea alijua. Alimwamkia kila mtu mzima aliyekutana naye njiani, na maneno machache ya Kifipa aliyokuwa nayo aliyatumia yote bila aibu, akiyakosea, wanawake wakacheka na kumjazia mifuko karanga. Mimi nilizaliwa pale, Kifipa nilinyonya nacho, na hakuna aliyenipa hata punje.

Kipupwe kilipoanza, lori nalo likaanza mlio. Likiwashwa asubuhi lilitoa sauti upande wa kushoto wa injini, tak-tak-tak-tak, kama mtu anayegonga debe kwa kijiti. Likifika kwenye mwinuko wa kanisa mlio ulikuwa umekwisha, na mchana kutwa haukusikika tena. Mzee alipata wasiwasi. Alisema ikiwa ni beringi za ndani, injini itabidi ifunguliwe, na mahindi na ulezi wetu vitalala ghalani mpaka mvua zirudi.

Sasa, pale kijijini tulikuwa na utaratibu wetu. Baridi ya Ufipa huifanya oili iwe nzito kama asali, injini ikakataa kuzunguka. Kwa hiyo balozi wa nyumba kumi alikuwa amepanga zamu. Kila nyumba, siku yake ikifika, ilileta makaa ya magunzi ya mahindi juu ya kigae, kabla jua halijatoka, yakawekwa chini ya injini. Kina mama walishindana kwa jambo hilo. Nyumba iliyoleta makaa mengi na mekundu ilisifiwa siku nzima. Na Mzee alipopiga stata, injini ilikuwa imekwisha pata joto, mlio ulikuja kidogo ukapotea, watu wakabaki wanabishana kama wameusikia au hawakuusikia.

Mimi nilijua tunapokosea. Siku moja zamu ilikuwa yetu, mama aliamka na homa, makaa yakachelewa, na Mzee akawasha bila kungoja. Mlio ule ulikuwa mkubwa, tena ulidumu mpaka kupita kanisa. Nikawaza kwamba tukitaka kuusikia vizuri, makaa yasiletwe. Nililiwaza hilo nikibeba magunia, nikila, hata kanisani. Lakini kusimama mbele ya kina mama waliotoka na vigae vyao kwenye baridi ile, nikawaambia moto wao hautakiwi, sikuweza. Nilikuwa napanga maneno. Yakishapangika nayapangua.

Jumamosi moja, tukipakia, mgeni akasema.

"Mzee, naomba Jumatatu makaa yasiletwe. Huyu mgonjwa tunampa dawa kwanza, halafu ndiyo tunamwuliza anaumwa wapi. Tutamsikiaje?"

Nilisimama na gunia begani. Nilijisikia kama mtu aliyekuta shati lake limevaliwa na mwingine, tena limempendeza.

Mama mmoja alishika kiuno. "Wewe kijana wa Mbeya! Unataka lori letu lipate kichomi?"

"Likipata kichomi, mama, nitalibeba mgongoni mimi mwenyewe mpaka hospitali."

"Kwa miguu hiyo ya korongo?"

Watu walicheka, na Mzee alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Mimi Mzee hakuwahi kunichekea. Ni kweli kwamba sikuwahi kumwambia kitu cha kuchekesha, lakini siku ile sikufikiri hivyo.

Jumatatu hapakuwa na makaa. Kina mama walikuja mikono mitupu, wamejitanda mashuka, waone aibu itamwangukia nani. Mzee alihangaika na stata, injini ikakohoa, ikakataa, ikashika. Tak-tak-tak-tak! Hakuna aliyebisha tena.

Mgeni aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho. Alihamisha hapa, akahamisha pale. Watu walimkodolea macho kama wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Tapeti, Mzee," akasema. "Zimelegea, ndiyo maana valvu zinagonga."

Mzee akakubali kwa kichwa polepole, akamtazama, na nikaona macho yake yanavyohama kutoka kwa mgeni kwenda kwenye mlango wa kushoto na kurudi. Nikajua kiti kinaondoka mbele yangu.

Nilikuwa nimesimama ninaposimama siku zote, karibu na gurudumu la kushoto, na macho yalikuwa yananiwasha. Kila asubuhi yaliniwasha pale, wakati mlio ukiwepo, na mlio ukikoma na kuwasha kulikoma. Tapeti haziwashi macho. Angekuwa fundi mwingine yeyote, ningeondoka na jibu langu tumboni. Lakini kwa yule, na ovaroli ile, nilishindwa kuvumilia.

"Si tapeti."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Nani huyo?" Mzee akauliza.

"Huyu hapa!" akasema mama yule yule. "Kumbe ana ulimi!"

"Ni moshi, Mzee," nikasema. "Unavuja pale ekzosi inapoungana na injini. Chuma kikipata moto kinatanuka, kinajiziba."

Niliokota unyoya wa kuku chini, nikaunyoosha mpaka kwenye kiungo kile. Ukaanza kutetemeka, ukitetemeka sawasawa na mlio. Tukasubiri. Injini ilivyopata joto, unyoya ulipunguza kutetemeka, ukatulia, na mlio ukatulia nao.

Nilimgeukia mgeni nimwone anavyonywea. Nilikuwa na haki ya kuona hilo. Badala yake alinipiga mgongoni kofi la furaha.

"Kaka! Kweli kabisa! Mbona ulikaa kimya muda wote huu?"

Na hapo hapo, chuma kikiwa bado cha moto, alikuwa amekwisha toa spana mfukoni. Alilegeza nati ambazo mimi nisingejua zinageukia wapi. Alipiga bapa kipande cha debe, akakikata kwa kufuata umbo la kiungo, akakizungushia uzi wa asbesto, usioungua, aliokuja nao kutoka Mbeya. Mimi nilimshikia spana. Kesho yake, bila makaa, lori liliwaka kimya.

Jioni ile Mzee alituita wote wawili.

"Wewe una sikio, tena una pua," akaniambia. "Kila alfajiri nakutaka hapa uniambie lori limeamkaje. Usiposema limeamka salama, sitoki. Lakini mteremko wa Kasanga hauna fundi. Likinifia kule, nataka mtu wa kufungua na kufunga, na wa kusemezana na watu wa bandarini. Kwa hiyo huyu atakaa na mimi."

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

Alfajiri ya safari Mzee aliwasha, akatoa kichwa dirishani, akaningoja. Nilisikiliza upande wa kushoto, nikahamia wa kulia, nikainama chini. Nilitafuta mlio, hata mdogo, hata wa uongo. Mgeni alikuwa kwenye kile kiti, amejifunga shuka, ananitazama kwa upole kama mtu anayenitakia mema. Neno langu moja lingewazuia wote.

"Limeamka salama," nikasema.

Wakaondoka. Lori lilipanda mwinuko wa kanisa kwa sauti moja safi, na nililisikia mbali sana, maana ndiyo kazi niliyopewa.

Waliporudi, mgeni alikuja kwetu na migebuka ya kukaushwa iliyofungwa kwa majani, akampa mama yangu kwa mikono miwili. Alikaa jikoni akatusimulia ziwa, mama akisema, "Eeh, mwanangu, eeh." Mwanangu! Alipoondoka mama aliwapika samaki wale kwa karanga. Nilikula. Walikuwa watamu, na hilo nalo liliniuma.