Nakunywa dawa ya depression na bado nawakatia nyama: yaliyonikuta Mundika

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Nimesoma nyuzi za watu humu kwa miaka bila kuandika neno. Leo naandika, na sitatia chumvi. Anayenijua atanitambua, na asinipigie simu kuniuliza kwa nini nimejianika. Nimejianika kwa kupenda.

Mimi ni mwenye bucha hapa Mundika, nje kidogo ya Busia, upande wa Kenya. Miaka kumi na mbili nakata nyama kwa mkono wangu. Nina mke, watoto watatu, na ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye ni mkaidi kuliko mimi.

Mwaka juzi nilianza kuumwa ugonjwa ambao sikuwa na jina lake.

Mteja anasema nusu kilo bila mfupa. Nashika kisu, nasimama. Nimeshasahau alichosema. Usingizi ulikata. Chakula kikawa hakina ladha, hata matumbo ambayo mke wangu anajua kuyapika. Naamka kifua kizito, na wazo la kwanza kichwani ni kwamba afadhali nisingeamka.

Najua mtauliza nini kilitokea. Hakuna. Hakuna aliyekufa, biashara ilikuwa inaenda, mke hakuniudhi. Swali hilo linanikera mpaka leo, maana ukisema hakuna sababu, watu wanakutafutia moja: umerogwa, una mwanamke nje, umekula kiapo cha uongo. Mtu akiumwa figo haulizwi amemkosea nani!

Nilijaribu kwanza dawa za kiume, yaani waragi, pombe kali ya kutoka ng'ambo, Uganda. Inakupa amani ya saa mbili, halafu asubuhi unajikuta chini zaidi ya ulipokuwa jana.

Siku moja nikiwa bucha nikamsikia daktari kwenye redio akieleza depression. Kila dalili aliyotaja ilikuwa yangu. Nilizima redio kama mtu aliyetajwa jina mbele ya kanisa.

Sasa nilijua nahitaji hospitali. Shida ikawa kisu.

Fikirieni wenyewe. Fundi cherehani akisemwa ana shida ya akili, watu watamhurumia. Mwalimu atapewa likizo. Lakini mwenye bucha? Nani atakuja kusimama mbele ya mtu anayesemwa kichwa chake si kizuri, naye ameshika kisu cha urefu wa mkono? Bucha ingekufa kwa wiki moja, na hiyo bucha ndiyo inayosomesha wale watatu.

Kutoka kwangu mpaka hospitali ya Busia ni karibu sana. Mimi nikaenda Malaba, mji mwingine wa mpakani. Na hata Malaba yetu sikuiamini, nikavuka mpaka upande wa Uganda, kwenye kliniki moja ndogo ambako hakuna anayenijua. Nyumbani nilisema naenda kuangalia ng'ombe wa kuchinja. Nani atamshangaa mwenye bucha akivuka kuangalia ng'ombe?

Sista wa pale, yaani muuguzi, ni mama mmoja mnene, mcheshi. Aliniuliza kwa heshima ya Kiganda, "Ssebo, kwani kwenu Busia hakuna hospitali?"

Nikamwambia ukweli, kwamba najificha. Alicheka mpaka akashika meza.

"Nyinyi watu! Wa kwenu mnavuka kuja kwangu, na wa kwetu wanavuka kwenda kwenu. Mimi wa mtaa yangu hapa hata siwaoni. Mnapishana tu pale kwa border, kila mtu anaficha sura!"

Nilicheka naye, lakini maneno yale yalinikaa.

Nilipewa kidonge kimoja kila asubuhi. Akaniambia niache pombe kabisa, nilale saa ile ile kila siku, nitembee kwa miguu nusu saa, nipumzike siku moja kwa wiki, na nisikatize dawa bila kumwambia. Hilo la mwisho alilirudia mara tatu.

Baada ya wiki kama tano, mke wangu alikuwa anakaanga vitunguu, nikasikia njaa. Njaa ya kweli. Nilitoka nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha. Msinicheke, nyinyi hamjui kukaa miezi bila kutamani chochote.

Nikaendelea hivyo miezi saba. Kila mwezi safari ya ng'ombe, na ng'ombe haji.

Sasa, shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ni turnboy, yaani utingo wa lori. Siku moja natoka kliniki na bahasha ya dawa mkononi, na katika akili yangu yeye yuko mbali safarini. Kumbe lori lao lilikuwa limekwama siku ya tatu kwenye foleni ya Malaba. Na mtu wa lori akiwa kwenye foleni hana kazi nyingine ila kuangalia nani anapita na amebeba nini.

"Shemeji! Umetoka wapi?"

"Kuangalia ng'ombe."

"Na hii bahasha ni ya ng'ombe?"

Akaichukua mkononi mwangu kwa utani. Juu yake kuliandikwa jina langu, jina la dawa, na kwamba ni ya kitengo cha afya ya akili. Alisoma, akanirudishia kwa vidole viwili kana kwamba ina moto.

Wakuu, hapo nilifanya ujinga ambao nataka usomwe na kila mtu humu. Nilifika nyumbani, nikatupa dawa yote chooni. Niliona nikikutwa sina kidonge, nitakana.

Siku ya tatu kizunguzungu. Siku ya tano moyo unapiga kama ninakimbizwa. Wiki ya pili, Jumamosi, nyama nzima inaning'inia bucha, na mimi nimekaa kitandani nimeshika kiatu kimoja, siwezi kukivaa.

Mke wangu alifunga mlango, akasimama mbele yangu. "Baba Neema, leo utaniambia. Malaba kuna nini?"

Nikamwambia yote. Akakaa chini sakafuni.

"Kumbe ni dawa," akasema. "Miezi yote hii mimi nilijua ni mwanamke. Nilikuwa nimeshampa hata jina."

Tulicheka, wakuu. Siku mbaya kuliko zote maishani mwangu, tulicheka mpaka yeye akalia. Jumatatu yake alinipeleka hospitali hapa Busia, mchana kweupe, akiwa amevaa nguo ya kanisani. Tulikaa kwenye benchi la nje, watu wakipita. Dawa nikaanza upya.

Niliporudi bucha nikakuta shemeji ameshamaliza kazi yake. Mundika nzima ilijua kwamba nimerukwa na akili, na nashika kisu.

Mama wa hoteli aliyekuwa akichukua kilo tatu kila asubuhi alihamia bucha nyingine. Watu walinisalimia wakiwa upande wa pili wa barabara. Kaka yangu mkubwa alikuja na ushauri wake wa upole: niajiri mtu wa kukata, mimi nikae nyuma nisionekane.

Nilikataa. Alipoondoka nilitoka nje nikasema kwa sauti, na waliokuwepo walisikia: "Nimewakatia nyama nikiwa mgonjwa na bila dawa, mkala mkashiba. Leo natibiwa ndio mnaniogopa?"

Hakuna aliyenunua. Kuanzia siku hiyo kidonge changu nikawa nakunywa pale pale dirishani, mbele ya mizani, na kikombe cha maji. Anayetaka kutazama atazame. Siku tisa nikawa nauza mifupa na maini kwa watu wawili watatu, nyingine tunakula nyumbani mpaka watoto wakaomba mboga za majani. Usiku nililala saa yangu, asubuhi nikatembea nusu saa yangu. Nilikuwa na hasira sana, na sitadanganya, niliogopa pia. Karo ilikuwa inakaribia.

Siku ya kumi ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa barabarani. Mara watu wakaanza kupisha njia. Nikainua macho, nikamwona mama mkwe wangu anakuja na kikapu.

Kwa wasiojua mila zetu: mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hatushikani mikono, hatuli meza moja, tukikutana njiani mmoja anahama upande. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kukanyaga bucha yangu. Akitaka nyama, binti yake anampelekea.

Alisimama nje ya dirisha, akanipa ubavu, macho kwenye nguzo ya umeme. Akaiambia ile nguzo, kwa sauti ya kusikika mpaka stage ya matatu:

"Mwambieni mwenye bucha anikatie kilo mbili."

Mama mmoja akamsogelea. "Mama, si kuna hiyo bucha ingine..."

"Sijauliza bucha ingine. Nataka hii. Na akate yeye mwenyewe, na mkono yake."

Nilikata kilo mbili za paja, bila mfupa. Nikaziweka dirishani, nikarudi nyuma hatua mbili kama heshima inavyotaka. Akachukua, akaweka pesa, bado haniangalii. Kisha akawageukia watu.

"Kijana yangu wa lori ako na mdomo, huyo nitamalizana na yeye. Lakini huyu ameoa kwangu miaka kumi na nne, na msichana yangu hajawahi kurudi nyumbani na alama hata moja. Nyinyi wenye vichwa mzuri, wangapi wanaweza kusema hivyo? Sasa ni kisu gani mnaogopa?"

Akaenda zake. Wanaume kadhaa pale walitazama viatu vyao.

Mama wa hoteli alirudi asubuhi iliyofuata. Wengine hawajarudi, na siwabembelezi.

Nilichojifunza ni kwamba kujificha kulikaribia kuniua zaidi kuliko ugonjwa wenyewe. Kama unakunywa dawa, usiikatize kwa aibu, rudi kwa aliyekupa. Kama hujaenda, nenda, hata kama ni kwa kuvuka border. Na mwambie mtu mmoja nyumbani, kabla hajampa jina mwanamke ambaye hayupo.

Karibuni mseme yenu. Mnaokunywa mkijificha, andikeni hata kwa jina la uongo. Na mnaotaka kuniambia nimerogwa, njooni pia, leo ni Jumatatu, ni siku yangu ya kupumzika, nitawajibu mmoja mmoja mpaka jioni.