Mama Pazia Mbele ya Kamera

Mama Pazia hakuwa na mtoto aitwaye Pazia. Jina hilo alibandikwa na waigizaji wa kikundi cha mtaani kwao, kwa sababu miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya pazia la ukumbi, kwenye kigoda, kitabu cha mchezo mapajani, akiwanong'oneza maneno pale yalipowatoka kichwani. Mchana alikuwa mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno. Huko nako sauti ya chini ndiyo ilikuwa kazi. Mtu aliyekuja ameshika shavu hataki kelele.

Mchezo uliojaza ukumbi kuliko yote ulikuwa komedia moja ya zamani sana, ya baba anayejifanya kiziwi ili asikie wachumba wa bintiye wanamsema vipi. Mama Pazia aliujua neno kwa neno. Mumewe, fundi redio, alizoea kumtania kwamba hata usingizini huwajibu wachumba.

Siku moja akatokea mwongozaji wa filamu, binti mwenye nywele fupi aliyeupenda mchezo ule tangu akiwa shuleni. Alitaka kuutengenezea filamu ya siku hizi. Baba angekuwa na duka la samani, na barua za mapenzi zingegeuka ujumbe wa simu. Halafu dada yake baba, ambaye jukwaani hutajwa tu, angeonekana: shangazi anayeijua siri, anayekaa ubavuni mwa kaka yake akimnong'oneza ajibu nini.

Akina mama wa kikundi walijitokeza ukumbini kujaribiwa, mmoja baada ya mwingine. Balaa ni kwamba wote walizoea kumfikishia sauti mtu wa kiti cha mwisho.

"Mama yangu," mwongozaji alimwambia mmoja, "huko ni kunong'ona au kunadi?"

Wa nne alikwama katikati ya sentensi. Kabla hajakohoa, sauti laini ilitoka nyuma ya pazia na kumalizia. Fundi sauti akavua vifaa vyake masikioni.

"Nani huyo?"

Mama Pazia akachungulia, kitabu kifuani. "Nisameheni jamani, ni mazoea."

"Rudia," mwongozaji akasema. "Hivyo hivyo, usiongeze kitu."

Ndivyo alivyopata nafasi ya shangazi. Alipofika nyumbani, mumewe aliweka chini bisibisi.

"Wewe? Uonekane uso wako?"

"Hata mimi sielewi, baba watoto. Nimeshasema ndiyo."

Aliomba likizo ya wiki mbili kliniki. Filamu ilipigwa katika duka la samani la kweli, katikati ya makochi yaliyofunikwa nailoni. Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Alikaa, akanong'ona, akapumzika, na fundi sauti akawa anamletea chai mwenyewe.

Siku ya tisa ikafika zamu ya hotuba. Baba alichezwa na Ngurumo, fundi bomba mwenye kifua kama pipa, nyota wa kikundi kwa miaka mingi. Katika hotuba ile baba anawasimulia wachumba jinsi alivyopata uziwi akiokoa watu kwenye moto, uongo mtupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ngurumo akaanza. Hakuwa amemaliza sentensi ya tatu.

"Kata! Mama, midomo yako."

"Imefanya nini?"

"Inasema maneno yake."

Mama Pazia akajishika kinywa. Hakuwa amejua. Wakarudia, na midomo ikacheza tena. Mara ya tatu aliuma midomo kwa nguvu, akaonekana kama wale wagonjwa wake wa asubuhi. Mara ya nne alijaribu kufikiria mambo mengine, mapazia ya kufua, daftari la miadi, lakini hotuba ilimpitia mdomoni kama maji. Safari hii mwongozaji aliwaacha waende mpaka mwisho.

"Basi, inatosha," akasema. "Tutaona huko kwenye kuhariri."

Ngurumo alipita mbele yake bila kumtazama. Mama Pazia alivua nguo za shangazi, akazikunja taratibu, akaenda zake.

Miezi mitano ikapita. Hakuwa na raha. Pale kliniki aliwahi kumwita mgonjwa mmoja mara tatu, kumbe ameshahudumiwa na kuondoka. Kila alipoikumbuka ile siku, alijilaumu: filamu ya watu, kazi ya kila mtu pale dukani, na yeye ameichafua kwa midomo isiyotulia. Barua ya mwaliko wa onyesho la kwanza ilipokuja, aliitia kwenye droo.

"Siendi," alisema.

Mumewe alikuwa ameshapiga pasi shati. "Kama ni aibu, tutagawana. Vaa viatu."

Ilikuwa Jumamosi alasiri, na sinema ilijaa. Mama Pazia alikaa ukingoni mwa kiti, ameung'ang'ania mkono wa mumewe. Hotuba ilipoanza akafumba macho. Akasikia mtu mmoja akicheka. Kisha wawili. Kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko, na yeye akajifunika uso kwa mtandio.

"Twende," akasema. "Nimekwambia. Twende."

"Hebu tazama kwanza."

"Sitazami!"

"Mke wangu, tazama."

Alifungua jicho moja. Uso wake ulijaa ukuta mzima. Kamera ilikuwa imemwacha Ngurumo na kumsogelea yeye, na sauti ya baba ilipokuwa inapanda ngazi za nyumba inayoungua, midomo ya shangazi ilishatangulia juu, ikimsubiri. Macho yake yalikuwa yamechoka kabisa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na ndugu mwongo aliielewa sura ile: shangazi ameusikia uongo huu mara mia, ameshaushika wote kwa moyo. Watu walipiga makofi. Mumewe alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa shati.

Mama Pazia akashusha pumzi ndefu, hadi mtu wa kiti cha mbele akageuka kumwangalia.

Baadaye, kwenye korido, mwongozaji alimjia mikono wazi.

"Mwanangu, mbona hukuniambia?" Mama Pazia akamuuliza. "Miezi mitano silali vizuri!"

"Nisamehe, mama. Uzuri wake niliuona mwishoni kabisa, wakati wa kuhariri. Siku ile nilidhani tumeharibikiwa."

Ngurumo naye akasogea, kofia mkononi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alizungumza kwa sauti ya chini.

"Dada, nina neno. Ile mara ya nne hotuba ilinitoka yote kichwani. Yote. Niliisoma midomoni mwako."

"Na ukanipita bila kunitazama?"

"Niliona haya. Ningekutazama vipi?"

Mama Pazia alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika ukuta, na Ngurumo akapata ruhusa ya kucheka pia.

Walipotoka nje jua lilikuwa bado kali. Alikaa kwenye ngazi za sinema, akavua viatu vilivyokuwa vinambana, akanyoosha vidole vya miguu.

"Baba watoto," akasema, "nina njaa ya miezi mitano."

Mumewe akaondoka mbio kwenda kutafuta mahali penye meza ya watu wawili.