Gari Lililokataa Mabibi Arusi

Mwezi uliopita nilirudi Likasi, mji nilikokulia. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya kinu cha mahindi, mkononi mkate wa moto, msafara wa arusi ukapita. Gari la mbele lilikuwa refu, jeupe, vioo vyake vyeusi tititi. Watoto wawili walikimbia kando yake wakichungulia.

"Bibi arusi eko wapi?" mmoja akauliza.

"Eko mule ndani. Banamubeba kama samaki mu friji."

Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Maana wewe, kama ungekulia mtaani kwetu, ungejua kwamba kwenye kona hiyohiyo bibi arusi alikuwa akionekana mpaka hereni.

Babu yangu, ambaye sote, hata watoto wake mwenyewe, tulimwita nkambo, alikuwa na gari dogo jekundu la viti viwili. Paa lake la turubai lilikunjwa likalala nyuma ya viti. Mhandisi mmoja mgeni alimwachia alipokuwa anarudi kwao, kwa sababu babu ndiye aliyelifufua kila lilipozima. Babu alikuwa fundi umeme kiwandani, mtu wa maneno machache, mikono yake inanuka grisi na sabuni ya kipande. Siku za kazi gari lilikaa uani, paa limefungwa, kwa ajili ya lile vumbi jekundu lililotufuata hata ndani ya sahani ya bukari, ugali wetu. Jumapili lilikwenda misa, paa limefungwa. Lilifunguliwa Jumamosi tu, kukiwa na arusi. Kila msichana wa mtaa wetu aliyeolewa kanisani alipelekwa wazi ndani ya gari hilo, upepo ukicheza na shela yake, mama zetu wakipiga vigelegele na kugonga vifuniko vya sufuria.

Nakumbuka sauti yake. Ukizungusha ufunguo, kabla injini haijanguruma, pampu ya petroli iligonga huko nyuma: tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa bati.

Ndipo likaanza kuugua. Katikati ya njia, vigelegele vikiwa juu, pampu ilinyamaza na gari likasimama. Kwetu bibi arusi hatakiwi kuonekana akilia, kwa hiyo wanawake walikuja mbio na vitenge vyao, wakavuta paa, wakamfunika. Babu akazungusha ufunguo tena. Tik, tik, tik. Gari likaenda kana kwamba hakuna lililotokea. Nyumbani alilikagua kutwa nzima asione kitu. Alisafisha betri, akabadilisha fyuzi, akabadilisha hata swichi ya ufunguo. Alilizungusha mtaani juma zima na halikukohoa. Arusi nyingine ikaja, likasimama.

"Ugonjwa wenye haya," alisema babu, "hujificha daktari akiingia."

Watu walikuwa na maelezo yao. Gari lina macho, walisema. Linamtambua mwenye mkosi, na uso wake ukishafichwa linakubali kwenda. Wa kwanza kukataliwa alikuwa msichana mshonaji, binti wa jirani yetu. Miaka miwili ilipopita hajapata mtoto, wakwe zake walikumbushana siku ile ya gari. Wakamrudisha kwa baba yake, cherehani yake imefungwa nyuma ya baiskeli kama gunia la makaa. Tangu hapo alishona nguo za arusi za wenzake, na siku ya arusi hakutoka nje.

Kisha ikafika zamu ya mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Siku chache kabla, shangazi wa bwana arusi alikuja, akanywa munkoyo wetu, kile kinywaji cha mahindi, kikombe kizima, ndipo akafungua kinywa. "Ile motokari ikimukataa mutoto yenu," alisema, "shiye wakwe tutafikiri kwanza."

Bibi yangu alitaka binti yake akodiwe teksi. Mama mdogo alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, hakuacha. "Nikipanda taksi, batasema niliogopa," alisema. "Na muntu anaogopaka kitu anajua."

Alhamisi mchana alitoka vilevile na kitenge chake cha jikoni, majani ya sombe bado mikononi, akaketi kwenye kiti cha bibi arusi na kunipakata, kwa kuwa mimi ndiye ningebeba maua.

"Nkambo, kama itanikataa, inikatae leo."

Babu alituzungusha mara tatu. Hakuna kitu.

"Unaona?" akasema. "Iko muzima."

"Nkambo, weye unanibeba paa imefungwa. Bibi arusi haendaki hivi. Fungua."

Babu alisimamisha gari. Alishuka, akalikunja paa, akalibana nyuma ya viti. Tukaenda. Tulipovuka mashimo ya kwenye kinu cha mahindi, nilisikia ile tik, tik ikikatika. Gari likasimama mbele ya wanawake wote waliopanga foleni na mabeseni yao ya mahindi.

Walikuja mbio, kama ada. "Funga! Mufunike, masikini!"

"Musiguse!" Mama mdogo aliinuka akashika vyuma vya paa kwa mikono miwili. "Anayetaka kuniona anione. Mukifunga, itapona, na nkambo hataona kitu!"

"Lakini unalia, mama," mwanamke mmoja akamwambia.

"Nalia, ndiyo. Nitalia huku nimeshika."

Alisimama hivyo juani. Waliomhurumia walinyamaza, na waliokuwa na midomo waliitumia. Mmoja alisema ni heri shangazi wa bwana arusi aitwe aje ajionee.  Babu alitoa kitaa chake kidogo cha kupimia umeme, akagusa waya mbele: kikawaka. Akagusa nyuma, kwenye pampu: giza. Akaufuata waya kwa vidole, polepole, kama anayesali rozari, mpaka nyuma ya viti, pale chuma cha paa lililokunjwa kilipolalia. Hapo vidole vikasimama.

"Njoo ushike," alimwambia mama mdogo, wala si mtu mwingine.

Mpira mweusi wa nje ulikuwa mzima, ila hapo ulikuwa laini. Ndani, shaba ilikuwa imekatika. Paa likikunjwa, chuma kiliukandamiza waya, na gari likirushwa na mashimo ncha ziliachana; likifungwa, zilirudiana. Gari halikuwa na macho. Lilikuwa halifunguliwi isipokuwa kwa bibi arusi, na sisi, kwa huruma yetu, tulikuwa tunauficha ugonjwa kila tulipomficha bibi arusi.

Babu alikikata kipande kile, akaunga waya mpya, na Jumamosi mama mdogo alifika kanisani paa likiwa wazi, mashavuni yamemkaukia machozi ya upepo tu.

Jumapili babu alivaa koti lake la misa, akavuka barabara kwenda kwa binti mshonaji na kile kipande cha waya mkononi. Sikusikia alichosema. Nilichoona ni yule binti akitoka na nguo yake ya kila siku, akipanda gari, paa limekunjwa. Babu alimzungusha mtaa mzima, hata mbele ya nyumba ya wakwe zake, polepole sana. Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu walisimama milangoni wakisikiliza pampu.

Babu alishakufa. Gari liliuzwa kama chuma chakavu, na nyaya zake zikachunwa kwa ajili ya shaba.

Mwezi uliopita, ule msafara wa vioo vyeusi ulipopita, nilikwenda kwa yule mshonaji. Sasa nywele zake zina mvi. Kipande cha waya kinaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani. Nilikipapasa mpaka kidole kikaangukia pale palipo laini. Yeye alikuwa anamalizia gauni jeupe la Jumamosi ijayo, akishona shanga ndogondogo kwenye mabega.

"Ataenda na ile motokari ya vioo vyeusi," nikamwambia. "Nani ataona hizi shanga?"

Alikata uzi kwa meno.

"Minye nimeziona," akasema, akachukua shanga nyingine.